Tiba ya uraibu na afya ya akili kwa mgonjwa wa nje: pa kuanzia na namna ya kulipia

Ndugu anapozama kwenye unga au pombe, au anapoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, familia nyingi hapa Tanzania huanza kwa kuuliza bei ya kumlaza mahali. Watu wanachangishana, kiwanja kinauzwa, mgonjwa anakwenda kukaa miezi kadhaa, anarudi, na baada ya wiki chache mambo ni yale yale. Ni wachache wanaoambiwa mapema kwamba sehemu kubwa ya tiba hii hutolewa kliniki, mgonjwa akitoka kwake asubuhi na kurudi kwake. Kwa mtumiaji wa heroini, dawa yenyewe, iitwayo methadoni na inayonywewa badala ya heroini, ni bure katika hospitali za serikali tangu Februari 2011, kliniki ya methadoni ilipoanza Muhimbili. Kinachowaangusha wengi ni nauli ya kila siku, vibarua vinavyopotea, na dawa za kununua nje pale stoo ya hospitali inapoishiwa. Pesa ya familia ipangwe kwa ajili ya hayo.

1. Kwanza jiridhishe kwamba si dharura

Kliniki ya kwenda na kurudi haimfai kila mtu siku ya kwanza.

Anayekunywa pombe kali, gongo au bia nyingi kila siku kwa muda mrefu anaweza kufa akiacha ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho huanza kutetemeka mikono, kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na kutapika. Degedege, ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, na kupandwa na homa. Kumfungia chumbani "pombe imtoke" ndilo kosa linaloua. Kama amewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipoacha zamani, kama ni mzee, mjamzito, ana ugonjwa mwingine mkubwa au anaishi peke yake, apelekwe hospitali yenye vitanda.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ni kinyume chake. Huanza saa 8 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, na hupungua sana ndani ya wiki moja hivi. Miayo, makamasi, kuhara, mifupa kuuma, kukosa usingizi: ni mateso, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kumuua. Hatari iko mbele yake. Mwili uliokaa bila unga kwa wiki kadhaa haustahimili tena kipimo cha zamani, na ndiyo maana wanaotoka gerezani, hospitali au nyumba za kuachia dawa hufa kwa ovadozi siku za mwanzo. Ukimkuta haamki, pumzi zinakuja kwa kuchelewa sana, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa wala maji kwa sababu atapaliwa, na mkimbize hospitali. Mwambie muuguzi bila kuficha: ni heroini. Dawa ya kuizima ipo, inaitwa naloksoni, na hutolewa haraka pale tu wahudumu wanapojua wanachopambana nacho. Nguvu yake huisha baada ya muda mfupi huku heroini au methadoni ikiwa bado mwilini, kwa hiyo akizinduka asiondoke mpaka wahudumu waridhike.

Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata dakika tano. Toa nyumbani dawa za panya, za wadudu na za shambani, kisha nenda naye idara ya dharura. Kama tayari ameshakunywa kitu, beba kopo au pakiti yake.

Aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa, kifafa kipya au shingo ngumu anahitaji vipimo vya malaria, sukari, VVU na homa ya uti wa mgongo kabla mtu yeyote hajasema ni ugonjwa wa akili. Viombeni waziwazi.

2. Chagua mlango kwa kuangalia anachotumia

Methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni tu. Haimsaidii mtumiaji wa bangi, skanka, kokeini, mirungi au pombe. Familia nyingi hupoteza wiki nzima kwenye foleni isiyo yao, halafu zikaambiwa hivyo dirishani.

Kwa heroini, kliniki hizi za methadoni, ambazo wengi huziita kliniki za MAT, zipo Dar es Salaam katika hospitali za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke, na mikoani zipo kwenye hospitali kama Bombo ya Tanga, Sekou Toure ya Mwanza, Tumbi ya Pwani, Rufaa ya Kanda Mbeya, na Itega chini ya Mirembe, Dodoma. Vituo vinaongezeka, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani piga 119. Ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Uliza kituo kilicho karibu na asasi inayopokea watu wa eneo lako. Swali lako liwe fupi na la tiba; hulazimiki kueleza nani anauza wapi.

Kwa pombe, bangi, dawa za usingizi na magonjwa ya akili yenyewe, mlango ni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Mirembe ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, lakini kusafiri hadi Dodoma kabla ya kuonwa mkoani kwako ni kutumia nauli kubwa kwa huduma ambayo mara nyingi ingepatikana karibu. Zahanati ya mtaani huenda isiwe na mtaalamu wa akili. Hata hivyo ipitieni kama mna bima, kwa sababu ndiko inakoanzia barua ya rufaa, na bila barua hiyo hospitali ya juu inaweza kuwatoza fedha taslimu.

Mgonjwa akiwa mtoto, namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ni ya bure.

3. Kuingia methadoni na kubaki humo

Kwa kawaida mtu hafiki tu dirishani akanyweshwa. Anaanzia kwenye asasi ya kijamii inayofanya kazi vijiweni. Waelimishaji rika humuandikisha na kumpangia vikao vya maandalizi, wakiangalia kama ana nia na kama ataweza kuja kila siku. Ndipo anapopewa rufaa. Vikao hivi huwachosha wengi, na hapa ndipo mgonjwa anahitaji mtu wa kumshika mkono: siku za vikao bado yuko kwenye unga, na arosto ya asubuhi ina nguvu kuliko ahadi ya jana. Muda wa kikao uombwe kulingana na hali yake.

Kliniki itamsajili, itampima mkojo kuthibitisha heroini, itampima VVU, homa ya ini, kifua kikuu, na ujauzito kwa wanawake. Ataonana na muuguzi, daktari na afisa ustawi wa jamii. Abebe kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura. Asiyenacho apate barua ya serikali ya mtaa yenye picha na muhuri. Abebe pia kadi za kliniki nyingine anazohudhuria, hasa ya TB na ya dawa za VVU. Aje na ndugu au rafiki mwenye simu inayopatikana, kwa sababu kliniki hutaka mtu wa kumtafuta siku mgonjwa asipoonekana.

Wiki 2 za mwanzo ndizo hatari zaidi katika tiba yote. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 30 na hupandishwa taratibu, kwa sababu methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku nzima, karibu nusu yake bado imo, na dozi ya kesho inapanda juu ya masalia ya leo. Kipimo kilichoonekana kidogo Jumatatu kinaweza kumlaza usingizi mzito Alhamisi bila kuongezwa hata tone. Mgonjwa akisema "dozi hainishiki" na akajazia kwa unga, pombe au Valium (diazepamu), ndipo pumzi inapokata usiku. Anachotakiwa kufanya ni kumwambia muuguzi asubuhi inayofuata ni saa ngapi arosto ilimrudia. Taarifa hiyo ya saa ndiyo anayoitumia daktari kupandisha dozi.

Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Ndugu wasimshinikize abaki kwenye dozi ndogo wakidhani yuko karibu zaidi na kupona. Dozi isiyotosha humrudisha kijiweni.

Dawa hunywewa mbele ya mhudumu, siku 7 za wiki, sikukuu ikiwemo. Akifika amelewa au anasinzia, dozi inaweza kupunguzwa au kuzuiwa siku hiyo. Si adhabu, pombe na methadoni kwa pamoja huzima pumzi. Akikosa siku moja au mbili kwa kawaida anaendelea. Akikosa 3 mfululizo lazima aonwe na daktari kabla ya kunywa, na dozi hushushwa. Akikosa zaidi ya hapo anaweza kuanza upya toka chini. Asidanganye siku alizokosa, maana dozi kamili ya zamani baada ya pengo inaweza kumuua.

Jambo linalosababisha migogoro mingi kati ya mgonjwa na kliniki ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huongeza kasi ya ini kuivunja methadoni. Ndani ya wiki moja au mbili za kuanza dawa za TB, mtu aliyekuwa ametulia anaanza kutoa miayo na makamasi, na watu wanasema amerudi kutumia. Hajarudi, dozi yake imeyeyuka. Efavirenzi na nevirapini za VVU, pamoja na kabamazepini na fenitoini za kifafa, hufanya hivyo hivyo. Kliniki zote mbili zijulishwe siku ileile dawa mpya inapoanza, na tena siku inapokoma, kwa sababu dozi iliyopandishwa isiposhushwa baada ya TB kuisha inageuka kuwa nyingi mno.

Mwanamke mjamzito asiache methadoni ghafla, hata akiambiwa na mama mkwe au muuguzi wa kliniki nyingine. Arosto kali humdhuru mtoto kuliko dawa. Ajifungulie hospitali na aseme wazi kwamba anatumia, ili mtoto aangaliwe siku za kwanza. Arosto ya kichanga hutibika. Kunyonyesha kunaruhusiwa.

Kukosa choo na kutoka jasho ni maudhi ya kawaida. Maji mengi, mboga, na kumwambia daktari mapema. Baadhi ya kliniki huwapa waliotulia dozi za kubeba nyumbani. Chupa hiyo ikae kwenye sanduku lenye kufuli. Mafunda machache yanamuua mtoto.

Na muda? Usipange chini ya mwaka. Wengi huhitaji miaka, na kushuka kunapofika hufanywa kwa miezi, kidogo kidogo, kwa uamuzi wa mgonjwa na daktari. Siku ya harusi ya dada si sababu ya kumshusha.

4. Hesabu ya pesa

Kaeni chini na kalamu kabla ya siku ya kwanza. Chukua mfano wa mgonjwa anayepanda magari 2 kwenda na 2 kurudi, kila moja Sh 600. Ni Sh 2,400 kwa siku, Sh 72,000 kwa mwezi, kwa dawa ambayo ni bure. Ongeza chai na kibarua cha asubuhi anachokikosa. Familia iliyotumia akiba yake yote kwenye vipimo vya wiki ya kwanza itakwama mwezi wa pili, na mwezi wa pili ndipo mgonjwa anapoanza kupata nguvu ya kufanya kazi.

Punguza gharama hiyo kwa njia zilizo mikononi mwenu. Kliniki iliyo karibu na anapofanyia kazi inaweza kuwa rahisi kuliko iliyo karibu na nyumbani. Kulala kwa ndugu anayeishi jirani na hospitali kwa miezi 3 ya mwanzo ni msaada mkubwa kuliko kumtumia pesa. Aende mapema dirisha linapofunguliwa ili awahi kibarua. Mwajiri akihitaji uthibitisho, kliniki huandika barua ya mahudhurio isiyotaja ugonjwa ukiiomba hivyo. Wiki za mwanzo, nauli itolewe kila asubuhi au asindikizwe. Kumpa ya mwezi mzima kwa mkupuo ni kumpa mtihani ambao bado hajawa na nguvu ya kuufanya.

Huduma nyingine za hospitali zina malipo: kumuona daktari, vipimo, dawa. Katika hospitali za serikali malipo hufanywa kwa kontrol namba, kupitia simu au benki, na risiti hutoka. Pesa ya mkononi kwa mtu anayesema "nitakusaidia kupitisha" haina ushahidi na mara nyingi huombwa tena wiki inayofuata. Mtu akidai malipo ya methadoni, andika tarehe na dirisha, nenda kwa mganga mfawidhi au piga 119.

Asiye na uwezo asirudi nyumbani. Sera ya msamaha inawagusa wagonjwa wa akili kama inavyowagusa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza, na nje ya makundi hayo upo msamaha kwa yeyote anayethibitika hana uwezo. Ofisi ni ya ustawi wa jamii, iliyo ndani ya hospitali. Utaratibu ni huu: pata barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji yenye muhuri, inayosema hali ya kaya, nenda ofisi ya ustawi siku ya kazi, kabla hujafanyiwa vipimo, utahojiwa, fomu itaunganishwa na faili lako. Panapoharibika panajulikana. Watu hufika wakati bili imeshakuwa kubwa. Jina kwenye barua halifanani na la kitambulisho. Barua haina muhuri, au inasema tu "ni mkazi wangu" bila neno lolote la kipato. Na msamaha hulipia kilichopo hospitalini, haulipii dawa iliyoisha stoo.

Dawa ikikosekana, usiondoke na cheti tu. Muulize mfamasia itarudi lini, na kama kuna nyingine ya kundi lilelile iliyopo. Daktari anaweza kubadilisha siku hiyohiyo. Uliza kituo kingine cha serikali kilicho jirani. Ikibidi kununua duka la dawa, taja jina la dawa yenyewe, kama fluoksetini, haloperidoli au kabamazepini, badala ya jina la kampuni, na uliza bei ya ile ya bei nafuu kuliko zote iliyosajiliwa. Tofauti huwa kubwa. Kununua nusu ya dozi ili pesa itoshe ni hasara: ugonjwa hautulii na dawa inaonekana haifai.

Kuhusu bima, kuna mambo 4 ya kuuliza kwenye dawati kabla ya kumuona daktari. Je, kituo hiki kimesajiliwa na mfuko wangu? Nahitaji barua ya rufaa? Dawa hizi zimo kwenye orodha ya kitita changu? Ushauri nasaha wa kila wiki unalipiwa au ni daktari tu? Wenye kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mara nyingi hukwama kwenye swali la tatu na la nne. CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), ambayo kwa miaka mingi mikoani imelipiwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, huanzia zahanati na hufuata ngazi za rufaa, kwa hiyo kuruka ngazi ni kulipa mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha vitita na viwango. Kabla ya kulipia kaya, omba orodha ya kitita iliyoandikwa na usome sehemu ya afya ya akili. Kwenye bima za makampuni binafsi, fungua moja kwa moja ukurasa wa visivyolipiwa. Uraibu na majeraha ya kujidhuru hutajwa humo mara nyingi. Na jiandikisheni kabla ya kuugua, kwa sababu mifuko huwa na muda wa kusubiri.

5. Siku ya kwanza kwenye kliniki ya afya ya akili

Piga au pita siku moja kabla kuuliza siku za kliniki. Hospitali nyingi za mkoa hazina daktari wa akili kila siku, na mtu aliyetoka Handeni hadi Tanga mjini Jumanne akaambiwa kliniki ni Alhamisi amepoteza nauli mara mbili.

Mgonjwa aje na mtu anayelala naye nyumba moja, si mjomba aliyefika jana toka mkoa mwingine. Andikeni kwenye karatasi: dalili zilianza mwezi gani, amelala saa ngapi wiki hii, anakula vipi, anatumia nini na kwa kiasi gani, dawa zote za hospitali na za asili, nani katika ukoo amewahi kuugua hivi. Bangi na pombe zitajwe. Daktari hatawaita polisi, na bila kujua hilo atatibu ugonjwa usio wenyewe.

Kabla ya kutoka chumbani ulizeni: ugonjwa unaitwaje, dawa ianze kufanya kazi lini, maudhi gani ni ya kawaida na gani ya kukimbilia hospitali, turudi lini, na tumpigie nani ikizidi. Yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa.

Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nafuu, lakini maudhi huja siku za kwanza. Wengi huacha katikati hapo, wakiwa wamebeba taabu bila kuona faida. Nafuu ikija, dawa huendelea angalau miezi 6 hadi 12 zaidi. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mkupuo huharibu moyo, kwa hiyo kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua ikae mikononi mwa ndugu na ichukuliwe ya wiki moja moja. Dawa za sauti na kuchanganyikiwa, kama haloperidoli, zinaweza kukakamaza shingo, kupindisha macho au kuleta kutetemeka. Inatisha, lakini hutibika siku hiyohiyo hospitali, na dozi hurekebishwa. Kwa anayesahau au kuficha vidonge, uliza sindano ya mwezi ya flufenazini. Mwanamke anayeweza kupata mimba aulize kabla ya kukubali valproati, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Familia nyingi huenda hospitali na kwa mganga au kwenye maombi kwa wakati mmoja. Hilo halina haja ya ugomvi. Mipaka ni 3: vidonge visisimamishwe, mgonjwa asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula, na dawa za mitishamba zitajwe kwa daktari.

6. Pombe, akitibiwa akiwa nyumbani

Kwa asiye na hatari zilizotajwa mwanzoni, daktari anaweza kumwachisha nyumbani kwa diazepamu inayopunguzwa kila siku kwa takriban siku 5 hadi 7, pamoja na vitamini B1. Vidonge vishikwe na ndugu asiyekunywa, na kliniki imuone kila siku au karibu kila siku. Akionja pombe, vidonge visitishwe na arudi hospitali. Viwili hivyo pamoja humzima. Baada ya wiki hiyo diazepamu ikome, maana nayo inaleta uraibu. Kazi halisi ndiyo inaanza: ushauri nasaha wa kila wiki, na vikundi vya walioacha pombe ambavyo havitozi ada. Bangi na mirungi hutibiwa zaidi kwa ushauri huo; hakuna kidonge cha kuviondoa, na anayekuuzia kimoja anakuibia.

7. Kabla ya kulipia soba hausi

Soba hausi ni nyumba za kulala na kuachia dawa. Zinawasaidia baadhi ya watu, hasa wasio na pa kulala palipo mbali na kijiwe. Lakini omba kuona cheti cha usajili, ingia hadi vyumba vya kulala, na uliza: nani anatoa dawa na ana taaluma gani, akipata degedege usiku anapelekwa wapi, mnawapokea walio kwenye methadoni, mgonjwa anaruhusiwa kuzungumza na nyumbani, na pesa inarudishwa kiasi gani akiondoka wiki ya 2. Nyumba inayojisifu kwa viboko au minyororo, achana nayo. Inayomlazimisha kuacha methadoni ili apokelewe inamtoa kwenye kinga na kumwandalia ovadozi. Lipa mwezi kwa mwezi, kwa risiti.

8. Akisafiri au akihamia

Methadoni haibebwi kiholela, na mkoa wa pili hauwezi kumnywesha bila taarifa ya wa kwanza. Siku chache kabla ya safari, hata ya msiba kama nafasi ipo, aombe kliniki yake barua inayotaja dozi, tarehe ya mwisho kunywa na dawa nyingine anazotumia, na wauguzi wapigiane simu. Unguja, huduma iko Kidongo Chekundu.

Anayevuka kwenda Kenya atakuta kliniki kama hizi Mathari jijini Nairobi, iliyoanza Desemba 2014, na pwani huko Malindi na Kisauni. Msaada wa simu wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bure. Malipo ya hospitali huko sasa hupitia SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2024: mkazi hujisajili kwa *147#, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi hulipa kulingana na kipato cha kaya kilichokadiriwa, si chini ya KSh 300 kwa mwezi, ila huilipa ya mwaka mzima mbele. Anayetegemea kutibiwa huko aanze na usajili huo kabla hajafika dirishani.